Mikono Imo Kwenye Tui

Simu ilikuwa na tabia ya kulia wakati mama amezamisha mikono kwenye tui. Mkate wa kumimina haumsubiri mtu. Rojo ya mchele ikishaumuka unaimimina, unafunika, unapanga makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na ukichelewa kidogo tu unapata kitu kigumu cha kumtupia kuku. Mama alikuwa ananionyesha simu kwa kidevu. Mimi najifanya sijaona.

"We mtoto, simu haing'ati. Pokea, sema hapa kwa mama mikate."

Nikipokea nasema haloo. Mteja naye anasema haloo. Tunanyamaza wote wawili mpaka anachoka, anakata. Mama anacheka mpaka anajishika kiuno. "Huyu akiolewa, kadhi atalala msikitini akisubiri jibu."

Sijui kwa nini niko hivi. Darasani nilikuwa napata majibu ila sinyooshi mkono, na nilipomaliza la saba sikuona vibaya kubaki jikoni. Jikoni ninazungumza na mtu mmoja tu, naye alikuwa anazungumza kwa niaba ya wote wawili.

Binamu yangu ana meza ya kutengeneza simu sokoni Masoko. Siku moja alikuja kwetu Kivinje kufuata mkate wake, akamkuta mama anafuta mikono kwa mara ya nne kwa mteja anayeuliza tu kama mikate ipo. Akacheka, akasema, "Shangazi, unachoshwa bure. Ngoja nikusetie." Akaweka programu kwenye simu ya mama. Mtu akituma ujumbe, simu inamjibu yenyewe. Mtu akipiga bila kupokewa, simu inamtumia jibu lile lile. Ujumbe wenye oda unajipanga juu, usio na oda unashuka chini, kwenye fungu lake. Na kila Jumatano baada ya alasiri simu inawakumbusha wateja wote kwa pamoja kwamba Ijumaa inakaribia.

"Maandishi watu wa kwetu hawasomi," binamu akasema. "Rekodi sauti."

Akanielekezea mimi simu. Nikashika mbuzi ya kukunia nazi, nikainamisha kichwa, nikaanza kukuna. Mama akamnyang'anya simu. Alisema hivi, na ninaweza kuyasema mpaka leo pamoja na pumzi zake:

"Assalamu alaikum mpenzi. Usinione kimya, mikono imo kwenye tui. Niambie unataka mikate mingapi, ya siku gani, na upo mtaa gani. Utapata, inshallah."

Hapo kifuu kikanitoka mkononi, kikaviringika mpaka kwenye sufuria zake, akacheka kicheko kifupi. Kisha akamalizia, "Na nyumbani wasalimie."

Binamu alitaka arudie bila kicheko. Mama akakataa. Kwenye sauti ile mimi pia nimo. Ukisikiliza vizuri, nyuma yake unasikia nazi inakunwa, kwaru, kwaru, halafu inakatika.

Ilitusaidia kweli. Mama akawa anaosha mikono mara moja tu, kazi ikiisha. Anakaa barazani, mimi namsomea oda, ngapi na za wapi, yeye anapanga. Wateja wakaongezeka hadi Masoko na Nangurukuru, na wengine walikuwa wanaagiza, mama alisema, kwa sababu wanapenda kutumiwa salamu nyumbani kwao. Mchana tukapata nafasi ya kulala kidogo. Kabla ya hapo sikuwahi kumwona mama amelala mchana.

Alipoanguka ilikuwa asubuhi, anachuja tui. Bakuli lilimtoka mkono wa kulia. Akaliangalia, akaniangalia mimi, akafungua mdomo aniite. Ikatoka sauti tu, haina neno ndani yake. Majirani wakaja, gari ikapatikana, tukaenda hospitali. Daktari alisema ni kiharusi, mkono unaweza ukarudi taratibu, ulimi tusubiri tuone.

Kule wodini nilichukua simu yangu ndogo nikamwandikia mama mkubwa. Ni dada yake mama, yuko Kiswere. Kwao wanawake ni wawili tu, wamevaa doti moja ya kanga, kila mmoja kipande chake, tangu wasichana. Hajui kusoma, simu ni ya mwanawe, ndiye anayemsomea. Mimi naandika polepole, na habari kama ile haiandikwi ilivyo ukamtupia mtu mzima usoni. Niliandika kama watu wote wanavyoandika: "Mama mkubwa shikamoo. Mama anaumwa kidogo, msiwe na wasiwasi. Mnaombwa dua." Nilijua akisomewa hivyo ataelewa. Mtu wa kwetu akiambiwa kidogo na dua kwenye sentensi moja, anafunga mzigo.

Hakuja.

Tukarudi nyumbani. Majirani walikuja, wakaleta uji, wakakaa na mama, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Mimi nikaendelea na mikate, michache, kwa sababu dawa zinataka pesa na simu ilikuwa inaendelea kuleta oda. Nafungua zile za juu, naziandika, napika. Kwenye fungu la chini sikuwahi kufika. Mama yuko kwenye kitanda chumbani, mlango uko wazi, amejifunika kile kipande chake cha kanga. Kila pikipiki ikisimama nje, anageuza shingo kutazama mlango. Pikipiki ikiondoka, anaishusha shingo polepole. Sikuhitaji kuambiwa anamsubiri nani, na kumwandikia mtu mzima mara ya pili niliona ni kumdai. Baadaye akaacha kugeuka. Nilianza kuogopa zaidi pale alipoacha.

Na sauti yake ilikuwa inatembea mjini. Nilikwenda sokoni kununua nazi nikamsikia nyuma yangu. "Assalamu alaikum mpenzi. Usinione kimya." Nikageuka. Mwanamke nisiyemjua ameshika simu sikioni, anatabasamu peke yake, kapu begani. Kikaja kicheko, na kabla yake nazi yangu, kwaru, kwaru. Nilisimama pale na nazi mkononi mpaka muuzaji akaniuliza kama naiombea dua.

Siku nyingine kijana wa bodaboda alikuja kuchukua mikate ya mteja wa Masoko. Nilimwambia haijaiva. Nadhani nilisema kwa sauti ndogo, maana alidhani namkatalia.

"Dada, usinizingue. Mama mwenyewe kasema nitapata. Sikiliza." Akaibonyeza simu, akaipandisha juu. "Utapata, inshallah." Kicheko. "Na nyumbani wasalimie."

Kutoka chumbani ikasikika ile sauti isiyo na neno. Niliingia mbio. Mama ameinua kichwa, anatazama mlangoni, macho yamemtoka, kama mtu aliyesikia hodi ya mgeni asiyemtaka. Alikuwa hajui kwamba simu bado inamsemea. Mimi nilidhani anajua. Nje, yule kijana akasema, "Si huyo, yupo ndani? Shikamoo mama!"

Siku ile nilichukua simu ya mama ili niizime ile sauti. Sikuwa najua pa kubonyeza. Nikawa nashuka, nashuka, nikitafuta, mpaka nikaingia kwenye lile fungu la chini, la ujumbe usio na oda. Nikaona jina la binamu yangu wa Kiswere, mwana wa mama mkubwa. Sauti zimepangana, moja ya mama mkubwa, moja ya mama. Nikakaa chini kwenye mkeka jikoni, nikabonyeza ya kwanza.

Ilikuwa ya siku ile ya hospitali. "Mdogo wangu, huyu mwanao anatutisha huku, eti unaumwa. Unaumwa nini?" Chini yake, mama: mikono imo kwenye tui, utapata, kicheko, nyumbani wasalimie.

Kisha mama mkubwa, anacheka. "Alhamdulillahi! Anaumwa gani huyu, sauti kama zumari? Nilishafunga mzigo mie. Haya, ukitoa mikono kwenye tui unipigie." Mama tena: usinione kimya.

Nikaendelea kubonyeza. Kila baada ya siku kadhaa anatuma. "We, mikono haijatoka tu?" Anajibiwa. "Sitaki mikate mie, nataka unisemeshe." Anajibiwa. Kila Jumatano anakumbushwa Ijumaa. Kicheko chake kikawa kinapungua. "Mwanangu hapa ananiambia huyo ni mashine. Nimemwambia mashine haicheki, tena na nazi inakunwa nyuma. Mdogo wangu, nimekukosea nini? Kama ni maneno tuliyorushiana kwenye ule msiba, mimi nilishayasahau." Anajibiwa. Ya mwisho ilikuwa fupi. Alisema bila hasira, kama mtu anayeaga mlangoni, "Haya. Dada yako siku hizi ni mteja. Nashukuru. Sitakusumbua tena."

Na chini yake, mama: Assalamu alaikum mpenzi.

Nilibonyeza kitufe cha kurekodi. Nikaachia. Nikabonyeza tena, nikasikia pumzi zangu, nikaachia. Ningeweza kuandika. Nilishaandika mara ya kwanza, na maandishi yangu yalishindwa na ile sauti. Nikatoka hadi uani, nikageukia ukuta, nikashika.

"Mama mkubwa, shikamoo. Ni mimi. Mama hasemi. Tangu siku ile hasemi. Hiyo siyo yeye, ni simu. Anakutazamia mlangoni. Njoo."

Simu haikuchelewa. Sauti ya mwanawe: "Ametoka tayari. Hata viatu kavaa vyangu."

Alifika kesho yake kabla ya adhuhuri, amejifunga kipande chake cha kanga. Hakubisha hodi. Aliingia mpaka chumbani, akasimama. Mama alimwona. Akageuza uso ukutani.

"Mdogo wangu."

Mama hakugeuka. Mama mkubwa akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika bega, mama akalitoa bega. Kwa mkono mmoja mzima aliokuwa nao, alivuta kanga mpaka usoni.

"Nilikutafuta, wallahi. Mwulize mwanao." Akanigeukia. "Si useme, mama!"

Mimi nilikuwa mlangoni. Nikaenda jikoni, nikachukua simu, nikaiweka juu ya kitanda kati yao, nikabonyeza ile ya kwanza.

Tulisikiliza zote. Chumba kilikuwa na wanawake wawili waliokaa kimya na wanawake wawili wanaosema. Dada anauliza, mama anacheka. Dada anaomba, mama anamsalimia nyumbani. Kila zilivyoendelea mama mkubwa alikuwa anajiinamia zaidi, na ilipofika ile ya "nimekukosea nini" akataka kuizima, mkono wa mama ukatoka ndani ya kanga ukamzuia. Alikuwa ameshageuka. Alisikiliza sauti yake mwenyewe ikimfukuza dada yake, kila mara kwa upole ule ule, na midomo yake ikawa inacheza kidogo, upande mmoja. Sijui kama alikuwa anaifuata au anaikatalia.

Zilipoisha hakuna aliyelia kwa sauti. Mama mkubwa alipanda kitandani na viatu vya mwanawe, akalala nyuma yake, akamkumbatia. "Mikono imetoka kwenye tui sasa," akasema. "Imetoka, basi."

Binamu wa Masoko alikuja kuiondoa ile sauti. Aliniuliza kama ataweka maandishi. Nikasema hapana, nitasema mimi. Yangu ni fupi na wateja wengine wanalalamika hawaisikii vizuri. Inasema mama anaumwa, mikate ipo, na anayetaka kumwona mama asitume ujumbe, afike. Wamefika wengi kuliko nilivyodhani. Wengine hawakuwahi kumwona, walimjua kwa sauti tu. Wanakaa, wanasema wao, anawatazama. Oda bado zinajipanga zenyewe juu, na hilo sijaliondoa, linanisaidia. Lakini kila jioni nafungua na fungu la chini.

Mama mkubwa anakuja na kurudi Kiswere. Akiwa hayupo, mama ananionyesha simu kwa kidevu, kama zamani, nami nambonyezea sauti za dada yake, hata zile za hasira. Anazipenda zile za hasira.

Sauti yake mwenyewe haitaki. Iko kwenye simu za watu na siwezi kuitoa huko. Mara moja moja mgeni, kwa wema, anamwekea aisikie, ajikumbuke. Mama haiangalii simu. Anageuza shingo anatazama mlangoni, na nazi inapoanza kukunwa nyuma ya maneno, mimi pia natazama.