Mpwa wa Shefu na Maji Marefu

Juma hili nilikuwa biro ya bandari hapa Kalemie, nangoja muhuri wa safari ya Moba. Shefu, mkubwa wa ofisi hiyo, alikuwa anamtambulisha mpwa wake kwa mwalimu mgeni, aliyekuja kufundisha kuzamia maji marefu kwa hewa ya kuchanganya.

"Amekwisha kuzamia na chupa ya hewa ya kawaida?" mwalimu akauliza.

"Anajua kuogelea sana, citoyen," Shefu akajibu kwa heshima. "Mengine utamufundisha kule chini."

"Kule chini hakuna darasa. Hewa ya kawaida itamlevya, na ile ya kuchanganya ukiikosea inaua. Aanze kwanza na maji mafupi, miezi mingi."

Kijana akafungua kifungo cha abacost yake, ile suti isiyo na tai. Mama yake, aliyemletea Shefu kuku wa kushukuru kwa kazi hiyo, akamkumbatia yule kuku kifuani.

"Kaka, huyu njo mutoto wangu mumoja tu. Hakuna kazi ya huku juu?"

Shefu akafikiri kidogo, akatabasamu.

"Iko. Atakuwa shefu wa wazamiaji."

Shefu akakabidhiwa kuku wake. Mimi ninayebishana hata na maprofesa chuoni nikapokea tu muhuri wangu, nikatoka. Anayeshuka ziwani anadaiwa mafunzo. Anayepanda hatumuulizi kitu.