Waliniombea Mawingu Yaondoke

Katika kazi yangu maji ni adui. Naona haya kuandika hivyo, mimi niliyezaliwa Kathonzweni na kukua nikifukuzana na punda wa maji hadi silanga, bwawa letu la kuchotea, lakini ndivyo ilivyo. Natafuta kwasa, yaani mashimo meusi makubwa yanayomeza gesi katikati ya galaksi za mbali, na gesi hiyo hung'aa kupita nyota zote zilizo kando yake. Mwanga wa zile za mbali kabisa umesafiri hadi ukavutika, ukapita hata wekundu, na jicho haliuoni tena. Tunaunasa kwa darubini ya infraredi, tunautawanya kama upinde wa mvua, kisha tunasoma umetoka wapi. Wingu likipita, kazi imekwisha. Hata mvuke wa hewani tu huuharibu mwanga huo, ndiyo maana darubini zetu hujengwa juu ya milima ya jangwani.

Mwaka huu nilipewa zamu kwenye darubini moja ya ng'ambo ili nichunguze kidoa chekundu nilichokiona pichani. Masomo yangu ya uzamifu yalining'inia hapo. Nikampigia Mama.

"Mwaitu, niombeeni kusiwe na mawingu," nikasema, nusu utani.

Mama hajui nusu utani panapohusika maombi. Nilimweleza kwamba mlima wenyewe uko upande wa pili wa dunia. "Anga ni moja," akasema, na Jumatano akalifikisha jambo hilo kwa akina mama wa kanisa.

Nilipokwenda nyumbani kungoja matokeo, kunde zilikuwa zimedumaa, majani yamejikunja. Mawingu mazito yalitokea upande wa Kitui, yakasimama juu ya shamba letu, yakaondoka. Mama aliyatazama hadi yakaisha.

"Mvua imechelewa," nikamwambia.

"Itakuja tu," akasema, akaingia jikoni.

Mama huyu huombea mvua hata anapobariki chai. Siku hiyo mezani alishukuru kwa muthokoi, akaombea anga yangu, akasema amina. Nilisikia kilichokosekana. Nikajitia hamnazo, kwa sababu ile anga niliitaka kuliko chochote.

Matokeo yaliingia kwenye simu asubuhi, nikiwa nimeketi kwenye ngazi ya jikoni. Kule mlimani anga ilikuwa safi, haina doa. Nilitazamia mstari wa mwanga utambae chini halafu upande ghafla kama ukuta, kwa maana ndivyo kwasa ya mbali inavyojitambulisha. Badala yake niliona mabonde mapana, mahali ambapo mwanga umemezwa na gesi. Bonde la methani, na jingine la mvuke wa maji. Ilikuwa nyota ndogo iliyopoa, ambayo haikuwahi kuwaka sawasawa, jirani yetu wa karibu kabisa. Pichani nyota hizo hufanana na kwasa, na kila mtu wa kazi hii hulijua hilo. Mimi pia nililijua, ila tamaa ilinifumba macho.

Jumapili mchungaji aliniita mbele nitoe ushuhuda. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mungu alijibu," nikaanza. "Mawingu yaliondoka. Lakini kitu chenyewe sicho nilichodhani. Ni nyota tu, tena ya karibu. Tumekuta ndani yake mvuke wa maji."

"Iko na maji?" mzee mmoja akauliza kutoka nyuma, na watu wakacheka kwa upole. Nikacheka nao, na kicheko changu kikaniudhi. Mama hakucheka. Alikuwa akiikunja leso yake, anaikunjua, anaikunja tena.

Ndipo mama mwenyekiti wa kikundi cha akina mama akasimama. Shamba lake limepakana na letu, na kunde zake zilikuwa zimekauka kabla ya zetu.

"Pole sana, mwana wetu," akasema. "Sisi hatuna neno. Ni kuuliza tu. Ile ya mvua tulikuwa tumeisimamisha kwanza, ndio maombi yasigongane huko juu. Sasa si tunaweza kurudi kuomba mvua?"

Kanisa zima likanigeukia, likingoja ruhusa yangu.

Nilisema ndiyo. Nikasema tena, kwa nguvu zaidi, ili wa nyuma wasikie.