Kati ya Mchapakazi na Kupe

Kwa wiki nyingi kaka yangu hakulala, na kijiji kizima kilimpenda kwa hilo. Alikuwa wa kwanza kufika shamba la ujamaa na wa mwisho kutoka. Aliongea bila kupumua. Aligawa mbuzi wa mama kwa wapita njia, akaapa kuteremsha maji kwa bomba kutoka milima ya Uluguru mpaka kwetu Kihonda. Mwenyekiti wa kijiji alimsimamisha mkutanoni: "Ndugu zangu, juhudi ndiyo hii! Mpigieni makofi!"

Niliporudi likizo kutoka chuo kikuu nilimkuta kitandani, amegeukia ukuta. Hali chakula, haogi. Mwenyekiti yule yule sasa alimwita kupe, akaonya kwamba asiporudi shambani ataondolewa kijijini. Mimi niliogopa zaidi sauti ya kaka aliposema sote tungepumzika kama asingekuwepo.

Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Dawa za mizizi ziliposhindwa, alikubali tumpeleke kaka hospitali mjini. Tukiwa kwenye benchi alininong'oneza, "Sema ana huzuni tu. Ya nyuma yaache. Wakati ule alikuwa mzima."

Daktari aliuliza, "Kuna kipindi alilala kidogo sana na asichoke?"

"Hakuna," mjomba alijibu, akanikanyaga mguu. "Alikuwa mchapakazi tu."

"Kipo," nikasema, na nikaeleza yote: usingizi, mbuzi, bomba.

"Wasomi!" mjomba alifoka. "Hata kazi mnaiita ugonjwa!"

"Mjomba, wewe ukilima kutwa husikii usingizi?"

Daktari aliweka kalamu mezani. "Mngenificha, ningempa dawa ya huzuni peke yake, nayo ingeweza kumrusha kule kule juu. Uchangamfu ule na huzuni hii ni ugonjwa mmoja."

Nilimuuliza anajuaje, na itakuwaje dawa yake isipofaa. Hakukasirika. Alisema atampima damu mara kwa mara, atabadilisha kipimo cha dawa, na huenda ikachukua miezi. Nilimwamini kwa sababu hakuahidi zaidi ya hapo.

Kaka, aliyeketi kando yangu, aliuliza, "Dawa hizo zitaniondolea na ile furaha?"

"Zitaipunguza," alisema daktari.

Kidonge cha kwanza alichopewa kilikaa kiganjani mwa kaka. "Watu walinipigia makofi," alisema, akaanza kukunja vidole. Nilidhani atakitupa.

Mjomba alimtazama mpaka nikaona aibu kuwepo pale. "Waliokupigia makofi ndio hao wanaokuita kupe, mpwa wangu. Meza."

"Anza wewe, mjomba."

"Ningekuwa kichaa ningeanza."

Kaka aliguna, karibu acheke. Mjomba akainuka mwenyewe kutafuta maji. Kaka alipokiweka kidonge mdomoni na kumaliza kunywa, mjomba alimshika kidevu, akamwambia afungue mdomo, akachungulia hata chini ya ulimi.