Mchezo Uliotafuta Nyumba Yake

Andika, mjukuu wangu Zuhura, wala usipambe. Mimi ni binti wa Athumani, mkata mkonge, na Mwanahawa, Mbondei wa Muheza. Nilizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge upande wa Pangani, ambako harufu chachu ya majani yaliyosagwa iliingia hata ndani ya uji. Shule sikupelekwa. Masika niliyong'oka meno ya mbele, mashine ya kukamua nyuzi ilimkata baba vidole vitatu, tukahamia mjini, Makorora, kwa shangazi. Bao la baba la mvule lilibaki kambini. Tangu hapo baba alikaa barazani akitazama ukuta, sahani akiisukuma pembeni, na mama akawa anazungumza chini chini kama yuko msibani.

Nikachimba mashimo thelathini na mawili uani, safu nne, nikaokota komwe, zile mbegu ngumu za kuchezea bao, ufukweni Raskazone. Baba akaja, akainama, akakunja uso. "Nyumba iko wapi?" Nilikuwa nimeyafanya yote duara, na bao lisilo na nyumba, lile shimo la mraba ambamo mchezaji huanza na komwe sita, si bao. Nikachukua kisu cha mama, nikachonga shimo moja kila upande liwe na pembe nne. Baba akapanga komwe kwa mkono ule ule mbovu. Mbili zikamponyoka, sikumwokotea. Siku hiyo alimaliza chakula.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu yako. Mwanangu Bakari, baba yako, alipofariki alikuachia kompyuta yenye mchezo wa shamba mliokuwa mkilima pamoja, yeye mahindi, wewe michungwa. Windows ilipokufa, fundi alitaka kufuta kila kitu aiweke upya. Ulikataa. Ukahamishia mchezo kwenye flashi, ukaweka mfumo wa Linux, na mchezo ukagoma, kwani ulitengenezewa Windows peke yake. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huo ulikuwa ugenini. Nikakwambia uache kuililia mashine. Nilikosea, na hilo nalo liandike.

Siku ya tatu ukaja jikoni. "Bibi, nimeweka programu ya kuutafsiria mchezo lugha ya Linux. Sasa unafunguka, lakini shamba ni tupu."

"Mchezo unatafuta nini?"

"Faili la baba. Kule Windows lilikuwa na folda yake."

"Basi haujaharibika. Ujengee nyumba yake, kwa umbo lile lile."

Ukatengeneza folda yenye jina lile lile, mahali mchezo ulipoitazamia, ukaliweka humo faili lililokuwa kwenye flashi. Mahindi ya Bakari yakatokea yamesimama, na kapu lake kando ya kisima. "Hajavuna, Bibi," ukasema. Mimi nikarudi kuchuja nazi niliyokwisha kuichuja.

Mashimo yangu yalifutwa na mvua moja. Shamba lako mvua hailifikii, ila kidole kimoja kisicho makini kinatosha. Kwa hiyo sikiliza. Komwe zile nilizocheza na baba yangu zimo kwenye kopo la majani ya chai, sitini na nne, zisipungue. Nakili faili kwenye flashi, na flashi uiweke kwenye kopo hilo hilo. Michungwa yako vuna upendavyo. Mahindi usiyaguse mpaka nimevuta kigoda na kukaa karibu nawe.