Mstari wa Kwanza Bado Unamsubiri Eddah

Saa moja asubuhi, umande ukiwa bado unachuruzika kwenye majani ya chai, Eddah Mokeira anaupita mstari wa kwanza bila kuutazama. Anaupita wa pili, wa tatu, anazidi kuteremka mpaka kule chini kwenye mikaratusi, mbali kabisa na banda la kupimia majani. Anafunga aproni yake ya plastiki, anakaza fundo katikati ya kiuno, anarusha kikapu mgongoni na vidole vinaanza kazi.

Huku chini ni taabu tupu. Kikapu kikijaa, lazima ukipandishe mlima mzima hadi kwenye mizani, na matope ya huku hayana huruma na mtu. Lakini Eddah, mwenye umri wa miaka thelathini na miwili, hataki kuhamishwa.

"Wameniambia nipande kule juu, nikakataa," anasema bila kuacha kuchuma. "Ile laini ya kwanza iko na wenyewe. Mimi bado."

Katika kundi hili la wachumaji, kwenye shamba moja nje kidogo ya mji wa Litein, mstari ulio karibu na banda ni wa wanawake wajawazito. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na msimamizi hajawahi kuitangaza. Mwanamke haulizwi kama ana mimba, wala yeye hajitangazi. Kuna mama mmoja, Chepyegon, mchumaji mkongwe kuliko wote, na yeye ndiye mwenye jicho. Akisharidhika na alichokiona, anailaza fimbo yake ndefu, ile ya kusawazishia vichwa vya michai, juu ya mstari wa kwanza, kisha anamtazama mwenye mstari. Wengine wote wanapita kimya kwenda mbele.

Miaka mitatu iliyopita, asubuhi yenye umande kama huu, fimbo hiyo ililazwa kwa ajili ya Eddah.

Alikuwa ameishi na mumewe, Mageto, miaka saba bila mtoto. Walitoka Kisii wakiwa maharusi, yeye akaingia shambani, mumewe akapata kazi kiwandani, kwenye chumba cha kunyausha majani. Kila Desemba walipokwenda nyumbani, Eddah alikuwa akiona macho ya watu yakianzia tumboni kwake kabla ya kufika usoni. Alichoka kuyaona.

Basi tumbo lilipoanza kujaa, moyo ulimruka. Alikula matonge mawili tu ya ugali akashiba. Hedhi ilikosa mwezi wa kwanza, ikakosa wa pili. Alichoka hata kabla jua halijapanda, na alfajiri aliamka shuka zimelowa jasho. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, kulikuwa kumejaa na kunamuuma, kwa hiyo akaanza kulisogeza fundo la aproni upande wa kulia.

Fundo hilo ndilo alilolisoma Chepyegon.

"Mimi naangalia fundo," anaeleza mama huyo, akiegemea fimbo yake. "Mwanamke akisongesha fundo ya aproni, huyo hayuko peke yake. Nimeona hivyo miaka mingi na sijawahi kosea. Kwa huyu msichana ndio nilikosea."

Je, Eddah hakwenda kupima? Swali hilo linamfanya asimame kidogo, kiganja kimejaa majani.

"Nilikuwa nimepima mara nyingi sana hiyo miaka yote, na kila mara ni hapana. Nikasema safari hii sipimi. Si nimepewa laini? Nani angeniambia hapana tena?"

Alichuma kwenye mstari ule kwa furaha ambayo hadi leo anaisimulia akitabasamu. Wenzake walimletea ndizi mbivu. Mageto, naye, akaanza kwenda mwenyewe bombani kuchota maji, ndoo begani, huku wanaume wenzake wa kambi ya wafanyakazi wakimcheka na kumwita bibi harusi. Hakujali hata kidogo.

Siku aliyoanguka, ilikuwa mbele ya mizani. Alizinduka akiwa kwenye zahanati, na aliyekuwa amemwinamia ni Clifford Otiende, mhudumu wa afya ambaye wagonjwa wake wote humwita daktari. Otiende alimpapasa tumbo, akalipapasa tena.

"Nilimuuliza, daktari, mtoto ako salama?" Eddah anakumbuka. "Alivuta karatasi akaniandikia nipigwe picha ya tumbo. Hapo nikajua."

Picha ya tumbo ilionyesha kwamba hakukuwa na mtoto. Kilichokuwa kimejaa upande wa kushoto ni wengu, kiungo kidogo ambacho kwa kawaida huwezi kukipapasa kwa mkono, kikiwa kimevimba hadi karibu na kitovu. Damu ikapimwa. Mtu mzima huwa na chembe nyeupe kati ya elfu nne na elfu kumi na moja hivi katika tone dogo kabisa la damu. Za Eddah zilikuwa zimepita laki mbili.

"Nilirudia kipimo, nikidhani mashine imekosea," anasema Otiende. "Chembe nyeupe ndizo zinapigana na magonjwa. Zikipanda kidogo, mara nyingi ni maambukizi tu, kama nimonia au kidonda kimeoza, na zinashuka ukipona. Sitaki mtu asome hii kwa gazeti, aone zake zimepanda kidogo, aanze kuandika wosia. Lakini laki mbili, na wengu imefura hivyo? Hiyo lazima utafute sababu haraka."

Hospitali kubwa ilithibitisha: saratani ya damu, ya aina inayokwenda polepole. Uboho wa mifupa yake ulikuwa ukitengeneza chembe nyeupe bila breki, nyingi zikitoka kabla hazijakomaa, na wengu ukavimba kwa kuzibeba.

Eddah alilielewa jambo hilo kwa lugha ya kazi yake. "Ni kama kikapu," anasema. "Unaweza kukijaza mpaka kifurike, lakini kama ni majani hayafai, hapo hujachuma kitu."

Habari njema ni kwamba aina hiyo ina dawa, kidonge cha kila siku ambacho kimewarudisha wengi kazini. Habari mbaya aliambiwa siku hiyo hiyo: akiwa anakimeza, asishike mimba, kwa sababu dawa inaweza kumdhuru mtoto.

Kidonge kilifanya kazi. Katika miezi michache chembe zilishuka, jasho likakoma, hedhi ikarudi, na tumbo likaanza kunywea. Watu wakampongeza. Yeye alijifungia ndani akalia.

"Wao waliona ugonjwa unaisha," anasema. "Mimi niliona yule mtoto anaenda. Najua hakukuwa na mtoto. Lakini nilikuwa nimeongea na yeye miezi mbili nzima. Nilikuwa nimemwambia vile babake anapenda kucheka."

Aliporudi kazini, mstari wa kwanza ulikuwa wazi. Chepyegon alimwashiria achume pale pale, kwa kuwa nguvu zilikuwa hazijarejea. Eddah alimshukuru mama huyo, akashuka zake mpaka kwenye mikaratusi. Tangu siku hiyo hajachuma tena kule juu.

Safari haikuwa laini. Kuna wakati dawa ilizishusha chembe nyeupe kupita kiasi, mpaka zikawa chache mno. Hilo nalo ni hatari, Otiende anasema, kwa kuwa homa ndogo tu inaweza kumlaza mtu. Dawa ikasimamishwa kwa muda. Eddah akazuiwa kwenda penye umati, hata kanisani, na Jumapili alikuwa akisikiliza kwaya yake kutoka dirisha la nyumbani, akiimba sauti ya pili peke yake.

Maji bado yanachotwa na Mageto. Waliomcheka wamezoea, na mmoja wao siku hizi huongozana naye bombani akiwa na ndoo yake.

"Nilianza kwa sababu ya mtoto," anasema Mageto. "Nikaambiwa hakuna mtoto. Sasa ningeiweka ndoo chini nimwambie nini Eddah? Kwamba maji ilikuwa ya mtoto pekee?"

Sasa kuna mlango ambao umefunguka kidogo. Katika vipimo vya mwaka huu, vile vya kina vinavyotafuta mabaki ya ugonjwa, hakuna kilichoonekana. Madaktari wamemwambia kwamba akiendelea hivyo kwa miaka mingine miwili, wanaweza kufikiria kusimamisha kidonge, wakimpima damu kila mwezi, ili ajaribu kupata mtoto. Hawakumwahidi. Ugonjwa unaweza kurudi, na ukirudi, atarudi kwenye dawa.

Eddah amelipokea jambo hilo kwa woga. Kila anapokwenda kutolewa damu hushika mkono wa Mageto na kutazama ukutani. Anautaka uhai wake, na anamtaka mtoto pia, na haoni aibu kusema kwamba kuna asubuhi hajui anataka kipi zaidi.

Saa nne wachumaji wanapumzika. Eddah anapanda na kikapu chake hadi bandani, na Chepyegon, aliyeketi kando ya mstari wa kwanza, anamsogezea kikombe cha chai. Mwaka huu hakuna mjamzito, na mstari uko wazi. Macho ya Eddah yanaupitia wote, kuanzia kwenye mizani hadi unapokatika.

"Hiyo fimbo naitaka tena, mama," anasema. "Lakini safari hii usiangalie fundo. Nitaenda kupima kwanza, nije nikuonyeshe, ndio uilaze."

Chepyegon anapangusa matope kwenye fimbo yake kwa ncha ya leso, polepole, kutoka juu hadi chini.

"Nilikuwa nistaafu mwaka jana," anamjibu. "Unafikiri ni nini kimenikalisha hapa na haya magoti?"