Jiwe la Maili Mbele ya Shamba la Bibi

Mwezi uliopita nilirudi Makere kumsaidia mama kuvuna maharage, na kwa mara ya kwanza nilipita nyumbani bila kujua nimepita. Lami ndiyo iliyonidanganya. Gari liliteleza tu, nikaja kushtuka tumeshaliacha shamba letu nyuma, ikabidi nirudi kwa miguu na begi kichwani. Zamani usingepotea hivyo, rafiki yangu. Zamani palikuwa na jiwe.

Lilikuwa jiwe la maili, la wakati wa Mwingereza, ukingoni mwa barabara ya Kasulu kwenda Kibondo. Namba yake ilikuwa imelika kwa mvua. Mpaka upitishe kidole ndipo uihisi. Wazee wa Kiha walisimulia kwamba vijana waliokwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge walisindikizwa na wake zao mpaka hapo, wakaagana. Kwangu mimi jiwe lilinukia muhogo, maana bibi alianika makopa kwenye mkeka pembeni yake, na kazi yangu ilikuwa kufukuza mbuzi na kuwahi kuukunja mkeka mawingu yakitanda. Vumbi la malori lilitua humo humo. Tulikula ugali wenye mchanga kidogo, na maharage ya mawese, na hakuna aliyelalamika.

Bibi alitoka Burundi akikimbia mauaji, mama yangu akiwa mgongoni. Kijiji kilipowapa yeye na babu ardhi, hapakuwa na ramani. Mwenyekiti wa wakati ule alisimama kwenye jiwe, akanyoosha mkono kuelekea kijito cha bondeni, akasema upande huu wenu, upande ule wa jirani. Babu alifariki, uraia ukaja, wajukuu tukazaliwa, na mpaka ukabaki ule ule.

Kisha zikaanza habari za lami, na kila aliyekuwa na kipande barabarani akaanza kukipigia hesabu. Asubuhi moja tulikuta shimo mahali pa jiwe. Jiwe lenyewe lilikuwa mtaroni, limelala kifudifudi, na jirani alikuwa anang'oa mihogo yetu.

"Jirani, umevuka mpaka," bibi alimwambia.

"Mpaka gani, bibi? Mimi siuoni."

"Ulikuwa kwenye jiwe, nawe umelitupa."

"Jiwe ni la serikali. Wewe huna jiwe nchi hii." Akainama kuendelea na kazi, akaongeza bila kututazama, "Na ukitaka kurudi kwenu, barabara ni hiyo hiyo."

Nilimwona mama akitazama chini. Bibi akasema kwa Kirundi, kama anajisemea mwenyewe, "Sinzosubira guhunga." Sitakimbia tena. Akajifunga kanga kiunoni, akateremka mtaroni.

Tulisukuma watatu, bibi, mama na mimi, jiwe halikutikisika. Ilikuwa siku ya soko. Wanawake waliokuwa wakipita walitua vikapu vyao, Waha kwa Warundi, wakashuka. Hakuna aliyeuliza kesi ni ya nani. Mmoja alifungua kamba ya mzigo wake wa kuni, tukaifunga kwenye jiwe, tukavuta, tukateleza, tukaanguka matopeni tukicheka, tukavuta tena. Jua lilipopanda, jiwe lilikuwa limesimama shimoni mwake, na bibi akaushindilia udongo kwa miguu yake mitupu.

Jirani alikuwa ameshamwita mwenyekiti wa kitongoji. Akaja na baiskeli yake, amekunja uso.

"Bibi, nasikia umechezea mali ya serikali."

"Nimeirudisha mahali serikali ilipoiweka," bibi alijibu. "Muulize aliyeitoa."

Mwenyekiti alitazama mtaimbo wa jirani, umelazwa kwenye mihogo, udongo wa shimo bado umeganda ncha nzima. Hakuhitaji shahidi. "Rudi upande wako," alimwambia. Lakini bibi alikuwa hajamaliza. Alisimama pale pale, mikono kiunoni, mpaka jirani alipokichomeka ardhini kila kijiti cha muhogo alichokuwa amekitupa.

Lami ilikuja kweli, miaka mingi baadaye. Greda lilichukua jiwe pamoja na ukanda wa mbele wa shamba, na hakuna aliyekuja kutuuliza. Leo zimepandwa nguzo nyeupe za kilomita, safi, ambazo hakuna anayeagana na mtu mbele yake. Kupotea kwa jiwe nimekusamehe. Ninaowakumbuka ni wale wanawake. Siku hizi watu wa soko wanapita kwa bodaboda, wanapunga mkono, na sijui ni nani angesimama, akatua kikapu, akashuka mtaroni kwa ajili ya ugomvi usio wake.

Bibi alipokaribia kufa aliagiza azikwe mbele kabisa ya shamba, si nyuma ya nyumba kwa babu. Alisema babu atamwelewa.

Juzi tukipura maharage, kijana mmoja nadhifu alisimamisha pikipiki. Alitafuta kiwanja cha kujenga duka.

"Shikamoo, mama. Samahani, shamba lenu linaanzia wapi?"

"Marahaba, mwanangu," mama alijibu, bila kuacha kupura. "Linaanzia hapo alipolala mama yangu. Na haliuzwi."