Nishani ya Rubani na Mtu Aliyepunga Mkono

Habari ya kifo chake ilinikuta gengeni kwangu Kerege, kisu mkononi, nanasi limemenywa nusu na mteja anasubiri. Aliyepiga simu ni mkulima mwenzake wa Kiwangwa, naye hakuwa na salamu ndefu. "Mzee wako wa ndege katutoka alfajiri. Tunazika baada ya adhuhuri, fanya uwahi." Nikasema inna lillahi, nikaketi juu ya tenga. Mteja, mama mmoja wa makamo, akaniuliza kama nimejikata. Nikamwambia hapana, nimefiwa. "Pole, mwanangu. Umefiwa na nani?" Hapo nikakwama. Hakuwa baba yangu wala babu yangu, ukoo wetu haumjui, na nyinyi mnaonisoma kila wiki mnafahamu kwamba maneno kwangu si kitu adimu. Mwishowe nikasema, "Nimefiwa na rubani." Yule mama akanitazama, akalitazama genge langu la miti na turubai, akacheka kidogo akidhani namfanyia mzaha katikati ya msiba.

Haukuwa mzaha. Marehemu alirusha ndege ya kivita katika vita vya Kagera, ndege ya kiti kimoja, yeye peke yake mle ndani na bunduki zake. Alirudi mzima, akavishwa nishani ya ushujaa, na alipostaafu akarudi kwenye ardhi ya wazee wake Kiwangwa kulima mananasi. Siku za sherehe za kitaifa alialikwa, akakaa safu ya mbele na nishani kifuani, na wazazi wakawanyooshea watoto kidole: yule pale, yule aliyerusha ndege vitani. Jina lake sitalitaja. Sababu mtaiona wenyewe kabla sijaweka nukta ya mwisho.

Mimi shule yangu iliishia kidato cha nne, na matokeo nayaacha huko huko yalikobandikwa. Lakini tangu utotoni nataka kuwa rubani, na hadi leo hajatokea mtu wa kunishawishi kwamba haiwezekani. Kila ndege ya abiria inayopita juu ya Kerege kwenda kutua Dar, mimi huacha ninachofanya, nikatazama juu, nikapunga mikono yote miwili. Ndivyo nilivyokuwa nafanya siku mzee alipokuja na pikapu yake kuniletea mananasi kwa mara ya kwanza. Nikastukia nimeshikwa kifundo cha mkono, na si kwa upole.

"Usipunge."

"Shikamoo, mzee. Kwani wananiona?"

"Marahaba. Wanakuona."

"Toka kule juu kote?"

"Mwenye haja ya kukuona anakuona. Tazama mananasi yako wewe."

Dereva wake akaninong'oneza huku tunashusha mzigo, "Mzoee tu huyo, ni rubani wa vita." Ilibaki kidogo nimkumbatie. Kuanzia siku hiyo nikamganda kama utomvu wa fenesi. Ndipo nikaligundua jambo lake moja ambalo bado linanisumbua. Ndege ikipita, watu wote tunatazama juu. Yeye alitazama chini. Alitazama watu, mmoja mmoja, kama anayehakikisha kwamba kila mtu yupo. Watoto wa jirani walijua kabisa kwamba shambani kwake ukipunga ndege utafukuzwa, na waliamini mzee huyo ana wivu na marubani wa siku hizi.

Nilikuwa nikipanda bodaboda siku za Jumapili hadi Kiwangwa, nakaa naye siku nzima tunapalilia. Maswali yangu yote aliyajibu. Alinieleza namna ndege inavyokukandamiza kwenye kiti ikipanda, na namna jua lilivyo ukishatoka juu ya mawingu, safi kama limeoshwa na kuanikwa. Kwa maneno yake nimeshawahi kuruka, wallahi, na jembe mkononi. Siku moja nilimpelekea zawadi, chana la ndizi mbivu. Akanishukuru vizuri sana, akawapa vibarua, akahamia upande wa pili wa shamba mpaka walipomaliza kula na kufukia maganda. Nikadhani ni mambo ya tumbo. Alikuwa na mananasi, mihogo, mikorosho, mipapai hadi mlangoni, lakini mgomba hata mmoja hukuuona.

Jumapili nyingine nikamwomba anionyeshe ile nishani. Akaitoa kwenye kopo la biskuti, imefungwa kwenye leso. Nikaiweka kifuani. "Inanikaa, mzee?" Akanitazama kwa muda. "Inakukaa. Itoe." Kisha akaanza kusema bila kuulizwa, sauti ile ile ya kunieleza mbolea.

"Tulivamiwa, mwanangu. Watu wetu waliuawa majumbani mwao. Vita vile sivijutii, na ningeitwa tena ningekwenda na magoti yangu haya mabovu. Lakini kuna asubuhi moja. Tumevuka mpaka, nalifuata lori la risasi. Nikashuka chini, chini hasa, barabara naiona kama hii ya hapa. Lori nikaliona. Na pembeni ya lori nikamwona mtu na baiskeli. Shati jeupe. Nyuma kafunga mkungu wa ndizi. Si askari, ni mtu na safari zake. Akainua uso, akainua na mkono."

"Akapunga?"

"Akapunga."

"Alidhani ni ndege ya kwao?"

"Labda. Au alinisalimu tu. Au alisema ngoja kwanza nipite. Miaka yote hii namjibia mimi. Kidole kilikuwa kimeshabonyeza."

Lori lililipuka, likaendelea kulipuka, kwa hiyo aliyemtuma hakukosea na yeye hakukosa shabaha. Aliporudi wenzake walimbeba mabegani. Nishani ile niliyoivaa kwa utani ilitokana na asubuhi hiyo. "Niligeuza ndege nitazame," akaniambia. "Moshi mtupu. Sikuona mtu, sikuona baiskeli. Ningejua kafa, ningemwombea. Ningejua yu hai, ningemtafuta. Sijui. Basi ninaishi naye tu. Nikinawa yupo. Nikisema assalamu alaikum kumaliza swala, upande wa kushoto, yupo."

Nikaifunga nishani kwenye leso yake, nikairudisha koponi. Ndipo akaniomba. Mnajua desturi yetu huku pwani: kabla jeneza halijainuliwa, msemaji wa familia husimama, akaomba kwamba kama marehemu alimkosea mtu yeyote, basi amsamehe. Na sisi sote hujibu kwa sauti moja, tumemsamehe. Mzee akasema, "Siku yangu watajibu hivyo. Hata wale niliowafukuza hapa na fimbo watajibu. Wewe simama, useme: kuna mmoja hayupo hapa. Maneno hayo tu. Usieleze, usihutubie."

"Kwa nini wasiseme wanao?"

"Wanangu wanaijua nishani. Huyu wa baiskeli hawamjui."

"Na mimi je, mzee?"

"Wewe unaandika gazetini. Umezoea kusema na watu usiowaona."

Nikaahidi. Niliahidi huku nacheka, jamani, kama mtu anayeombwa kuja harusini, kwa sababu alikuwa bado na nguvu za kubeba magunia na kifo nilikiona kipo mbali kuliko mawingu.

Siku ya maziko niliwahi. Ua umejaa hadi barabarani, wamekuja hata wenzake wawili wa zamani jeshini, wazee walionyooka kama bakora. Mdogo wa marehemu akasimama, akashukuru, akafika pale. "Binadamu hakosi kukosea. Kama ndugu yetu alimkosea yeyote kati yenu..." Hakuimaliza sentensi. Watu tukaipokea juu juu, "Tumemsameheee," ndefu na nzito, kama tunavyoipokea siku zote, sote tumeizoea mpaka ulimi unaisema kabla sikio halijaisikia. Jeneza likainuliwa. Na mimi niliisema. Hilo ndilo linaloniuma. Mdomo wangu ulikuwa umefunguliwa kwa ajili ya maneno yake manne, na likatoka lile la watu wote. Nilipozinduka watu walishaanza kutembea, jirani yangu ananisukuma, "Twende, kaka, mbona umeganda?" Nikatembea. Nilitia udongo kaburini mara tatu, na kila mara nilihisi nafukia kitu kisichokuwa maiti.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiliwaza hilo neno letu. Ni neno zuri, sitaki likome. Lakini tunalitoa haraka kwa sababu tuliopo uani ndio tusiodhurika sana. Aliyeumizwa hasa mara nyingi hayupo, yupo mbali, au hajui hata amuulize nani. Na siku hizi kazi nyingi zinafanywa kwa mbali. Dereva wa lori anapita Kerege usiku na mchana, akigonga kitu anasikia kishindo tu, gari linaendelea. Mtu analala kitandani Dar anamtukana kwenye simu mtu wa Mtwara asiyemjua, kisha anageukia ukutani analala. Nami sijitoi. Mtakumbuka mwaka uliopita niliandika kichekesho kuhusu mama lishe ambaye maharage yake ni maji matupu, unaweza kunawia. Mlicheka, mliniandikia. Sikumtaja jina, lakini Kerege kuna vibanda vingapi? Asubuhi ya gazeti hilo nilipita mbele ya kibanda chake, akaninyooshea mkono kunisalimu, hajalisoma bado. Nami nikamnyooshea. Wiki iliyofuata hakufungua.

Siku ya tatu, kwenye hitima, nilimwendea mtoto mkubwa wa marehemu nikamvuta pembeni, nyuma ya jiko. Nikamweleza ahadi yangu na habari ya yule mtu wa baiskeli. Uso wake ukabadilika.

"Wewe muuza mananasi unataka kumchafua baba yangu? Watu bado wanakula hitima!"

"Simchafui, kaka. Aliniomba mwenyewe."

"Baba alikuwa shujaa."

"Ndiyo. Na aliniomba mwenyewe."

"Hayo ni maneno ya uzee. Mtu akizeeka anaona mengi." Akageuka kuondoka. Alipofika kwenye kona ya jiko akasimama, mgongo bado umenielekea. "Huyo mtu kwenye baiskeli. Alikuwa kabeba nini?"

"Mkungu wa ndizi."

Aliegemea ukuta wa jiko, na mtu mzima yule, mwenye mvi, akawa anapumua kama mtoto aliyekimbia. "Nyumbani kwetu ndizi haziingii," akasema. "Tangu nazaliwa. Mama alituambia zinamdhuru tumbo. Tulikuwa tunakula shuleni kwa kujificha, tunasukutua midomo ndipo turudi. Mara moja mdogo wangu alipanda mgomba nyuma ya choo. Ulipozaa, baba akaukata, kisha akakaa chini pale pale karibu na ule mkungu mpaka jua likazama. Tulidhani ametukasirikia sisi." Akajifuta uso kwa mkono wa kanzu. "Mama amekufa bila kujua. Miaka yote ile kampikia mtu mwenye tumbo zima."

Nikamuuliza nifanye nini. Akawaza. Kutoka uani tulisikia watu wakiitikia dua. "Pale mazikoni pameshapita," akasema. "Wewe andika. Jina usiweke, usije ukamfanya baba kuwa hadithi ya vijiweni. Lakini lile neno lake liweke kama alivyolisema."

Kwa hiyo nimesimama, ingawa nimechelewa na ua umeshafagiliwa. Nanyi mnaosoma ndio watu nisiowaona. Huenda mmoja wenu ana asili ya upande ule wa mpaka. Huenda kwenu kulikuwa na mtu wa shati jeupe aliyekwenda na baiskeli kupeleka ndizi, akarudi akihadithia ndege iliyompita kichwani, au hakurudi. Kama ni ninyi, aliyekuwa juu alimwona. Alimwona vizuri kuliko alivyowahi kumwona mtu mwingine, na hakumwacha mpaka alfajiri ile. Msamaha ni wenu, mkipenda kutoa. Sisi wa Kiwangwa na Kerege tulijibu kitu ambacho hatukuulizwa.

Nilichojifunza kwake ni kidogo na kinanitosha. Aliyekosewa hutafutwa angali anaonekana, mkono wake ungali juu, kabla ya moshi. Mama lishe nimeambiwa amehamia kwa dada yake Kaole, na mimi kesho sifungui genge. Bado nataka kuwa rubani. Lakini jana ilipita ndege, chini chini, inang'aa, na mikono yangu haikuinuka. Nilikuta nimetazama barabarani, kwa watu, mmoja mmoja, mpaka ilipopita. Kuna mmoja hayupo hapa.